Mtu wa Nne

Habari ya kuanguka kwa ndege ilimkuta Adero akianika nguo nyuma ya chumba chao pale Gatwekera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu, na mtangazaji akasema kwamba ndege ya mizigo iliyoondoka uwanja wa ndege wa Wilson jana, ikipeleka chakula cha msaada kaskazini, imegonga mlima ndani ya ukungu na kuteketea. Ndani yake walikuwemo watu watatu, wote wageni: marubani wawili na fundi wao. Hakuna aliyepona.

Adero alisimama na shati la mumewe mkononi, maji yakimtiririkia miguuni. Osewe alikuwa mpakiaji wa mizigo katika kampuni ya ndege ya Upeo, na jana hakurudi nyumbani. Hilo peke yake halikuwa la kumtia mtu hofu. Tangu mvua za El Niño zivunje madaraja na kukata barabara za kaskazini, kazi ya ndege ilikuwa imefura kama unga uliotiwa hamira. Kila mwenye ndege alitafutwa, na asiyekuwa nayo alikodi. Upeo nao walikodi ndege kuukuu ya propela kutoka kampuni moja ya ng'ambo, ambayo nayo ilikuwa imeikodi kwa wengine, ikaja na marubani wake kama gari linavyokodishwa na dereva. Ndege hiyo haikupumzika. Ilitua, ikapakiwa, ikaondoka tena. Na kwa kuwa huko ilikokwenda hakukuwa na watu wa kupakua, mpakiaji mmoja alikuwa akiingia nyuma kimyakimya, akakaa juu ya magunia, akaenda kupakua na kurudi nayo. Ndege ya mizigo haikuruhusiwa kubeba abiria, kwa hiyo mtu huyo hakuandikwa popote. Lilikuwa jambo la kukatazwa ambalo kila mtu alilijua na kila mtu alilifanya. Osewe alipenda kumwambia mkewe kwamba gunia la unga ni kiti kizuri kuliko kiti cha basi.

Awiti, jirani mwenye redio, alitoka nje akamtazama, akamnyang'anya lile shati taratibu. Mumewe Awiti, Jeremy, alikuwa dereva wa lori la Upeo, na wanawake hao wawili walikuwa wamezoeana hata kuachiana watoto. Awiti akamwambia avae viatu, waende wakaulize. Adero alimwacha binti yake, Adhis, kwa mama wa chumba cha pili, wakashika njia kwa miguu hadi lango la uwanja wa ndege.

Walisimama langoni hadi jua likawa utosini. Wapakiaji wengine walipita wakiinamisha vichwa. Mmoja alimpungia Adero mkono, kisha akaurudisha haraka kama mtu aliyegusa jiko. Mwishowe akatoka Bwana Nderitu, meneja wa safari za ndege, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwuliza Adero kama amekula. Kisha akamwambia kwamba Osewe alikuwa mtu wa kibarua, si mwajiriwa, na vibarua huja na kuondoka wapendavyo. Jana hakuonekana kazini.

"Alitoka nyumbani asubuhi akija hapa," Adero akasema.

"Mama, alikotoka na alikofika ni vitu viwili."

"Hakuwa kwa ndege?"

Bwana Nderitu aliangalia upande wa barabara kana kwamba anangoja mtu. "Kwa ndege walikuwa watu watatu," akasema. "Nenda nyumbani, mama. Pengine utamkuta."

Hakumkuta. Siku zikapita, na kila mlio wa mlango ulimwinua Adero kitini. Aliulizia vituo vya polisi, akaulizia hospitali, akaenda hata kwenye chumba cha maiti, akaonyeshwa nyuso za wanaume ambao hakuwa akiwatafuta. Mabaki ya wale wageni yalikuwa yameletwa kutoka mlimani. Moto haukuacha cha kutambulika na mvua ikaosha kilichosalia, kwa hiyo kilichookotwa kiligawanywa katika masanduku yaliyofungwa na kupelekwa kwao ng'ambo. Adero alipoambiwa hivyo alikaa chini palepale. Alijiuliza ni kina mama gani, katika nchi gani ya baridi, waliokuwa wakilia juu ya mifupa ya Osewe bila kujua.

Mtu ambaye angejua ni Mwanzia. Huyo alikuwa rafiki ya Osewe kazini, Mkamba wa Machakos aliyekuwa akiishi Kawangware. Wawili hao walipakia pamoja siku zote, mmoja juu ya lori na mwenzake mlangoni mwa ndege. Krismasi moja Mwanzia na mkewe Mbula walikuja Gatwekera wakala samaki, na Osewe akawacheka jinsi walivyoogopa miiba.

Adero alikwenda Kawangware siku ya mapumziko, akapita sokoni kwenye matope, akafika kwenye ploti ya vyumba vya kupanga vya mabati walikokaa. Mbula alimpokea vizuri, akamwekea chai. Mwanzia aliketi akitazama mikono yake. Adero alipouliza, alijibu kwamba siku hiyo yeye alikuwa upande wa stoo na hakuona nani aliingia wapi. Alisema haraka, kama mtoto anayesoma alichokariri. Kwenye msumari ukutani ilining'inia sare mpya ya Upeo yenye jina lake kifuani, na Mbula, kwa nia njema tu, akaeleza kwamba mumewe amefanywa mwajiriwa wa kudumu, baada ya miaka yote hiyo ya kibarua. Adero alimaliza chai yake kwa heshima, akaaga.

Njiani hakulia. Kilichomshika kilikuwa kitu kingine, kizito kuliko kilio, kwa maana siku zote alimjua Mwanzia kuwa si mwongo, na leo alikuwa amemdanganya.

Mwezi haukuisha kabla shemeji yake, Oloo, hajafika kutoka kwao Ugenya. Oloo alikuwa kaka mkubwa wa Osewe, mtu mkavu wa maneno, na alikuja kuchukua jibu la kupeleka nyumbani. Mama yao alikuwa amekataa kula. Lakini Adero hakuwa na jibu. Oloo mwenyewe alikwenda Wilson, akaambiwa yaleyale aliyoambiwa Adero, na aliporudi alikuwa amebadilika kidogo. Akaanza kuuliza kama walikuwa wamegombana. Akauliza kama Osewe alikuwa na mwanamke mahali. Huko nje maneno yalikuwa yamekwisha kuzagaa: wengine walisema ameonekana Mombasa, wengine kwamba amevuka mpaka na kuoa huko. Mwanamume kutoroka katika mji huu halikuwa jambo geni, na watu hushika upesi hadithi wanayoijua.

"Shemeji, sikulaumu," Oloo akamwambia. "Lakini mtu aliye hai haliliwi. Tukimlilia Osewe na bado anapumua mahali, ni sisi tutakuwa tumemwitia kifo. Nipe mtu mmoja aliyemwona akiingia ile ndege. Mmoja tu. Hapo nitajua la kumwambia mama."

Adero hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kunyoa nywele, hakuweza kukaa matanga, na kanisani wanawake walipomwombea waligugumia, hawajui kama wamwombee marehemu au mtoro. Adhis alikuwa ameanza kuwaambia wenzake kwamba baba yake amekwenda safari.

Jambo lote lilifunguka kupitia Awiti, naye hakukusudia. Walikuwa wakichota maji pamoja, na Adero akasema anawaza kwenda kwa wachunguzi wa serikali walioshika kesi ya ile ajali. Awiti akaweka mtungi chini. Akamsihi asifanye hivyo. Na katika kumsihi akaeleza kila kitu, akitoa neno baada ya neno kama anayeng'oa jino lake mwenyewe. Wafanyakazi wote walikuwa wameitwa kwenye mkutano wakaambiwa hivi: ile ndege ilikatiwa bima ng'ambo, na bima ile ni ya ndege ya mizigo. Wenye bima wakijua kulikuwa na mtu ndani asiyeruhusiwa, hawatalipa. Wasipolipa, wenye ndege wataishtaki Upeo, na Upeo haina uwezo wa kusimama mbele yao. Itafungwa, na kila mtu ataenda nyumbani.

Adero alimtazama. "Kwa hivyo Jeremy anajua."

"Wote wanajua," Awiti akasema kwa sauti ndogo. "Na wote wana watoto, Mama Adhis."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuwa akipambana na mwongo mmoja. Ilikuwa ni kampuni nzima imeshikana mikono mbele ya mlango, na mikono mingi kati ya hiyo aliijua. Baadhi ilikuwa imekula nyumbani kwake.

Jumapili iliyofuata alikwenda Kawangware tena. Safari hii hakwenda nyumbani kwa Mwanzia. Alisimama nje ya kanisa lao, upande wa Riruta, akangoja watu watoke. Mwanzia alipomwona alitaka kurudi ndani, lakini Mbula alikuwa amekwisha kumsalimia. Adero akamwomba Mbula radhi, akasema ana neno dogo na mumewe. Wakasogea kando, karibu na ukuta, watoto wa shule ya Jumapili wakikimbizana mbele yao.

Alikuwa amejiandaa kumwambia mengi. Alitaka kumkumbusha urafiki, alitaka kumtisha kwa jina la Mungu. Lakini alipomwona usoni jinsi alivyokonda, yote yalimtoka, na kilichosalia ni lile lililokuwa likimwamsha kila siku.

"Mwanzia, wanasema huko juu kuna baridi sana," akasema. "Na siku ile kulinyesha. Alikuwa na kitu cha kujifunika?"

Mwanzia akajibu kabla hajajua anajibu nini. "Nilimpa koti langu. Lake lilikuwa limelowa."

Kisha akafunika uso kwa mikono. Watu waliokuwa wakitoka kanisani wakadhani ni mambo ya Roho, wakawapisha. Akiwa vilevile, uso mikononi, alimweleza. Kwamba Osewe alipanda kama kawaida. Kwamba alikuwa akimtania rubani kwa Kiswahili, na rubani asielewe ila akacheka. Kwamba yeye, Mwanzia, ndiye aliyesukuma mlango kwa nje na kuupiga kofi mara mbili, ishara ya kwamba tayari. Na baadaye Bwana Nderitu akamwita ofisini, akalia mbele yake, mtu mzima, akamwambia kwamba Osewe hatarudi hata wakisema ukweli, lakini wengine wote bado wana nafasi. Sare mpya ilikuja wiki ileile.

Adero alimngoja atulie. Hakuhisi hasira aliyoitarajia. Kuna utulivu humjia mtu anapojua kwa hakika kwamba ameumia, na utulivu huo ndio uliomkalia. Osewe alikuwa amekufa. Alikuwa na koti.

Mwanzia alikuja Gatwekera siku iliyofuata baada ya kazi, akaketi mbele ya Oloo, ambaye bado alikuwa akingoja jibu, akarudia maneno yale. Oloo alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akamshukuru, akatoka nje. Walimsikia akiwa nyuma ya mabati, sauti yake ikipanda kwa kilio cha kwao, na majirani wakaanza kutoka milangoni, maana kilio cha namna ile hakihitaji kufafanuliwa.

Kwa Oloo jambo lilikuwa limekwisha. Alitaka waondoke mara moja, wakafanye mambo ya nyumbani. Lakini Adero alimgeukia Mwanzia.

"Nyumbani sasa watajua amekufa," akasema. "Hapa Nairobi bado ametoroka. Adhis akiandikishwa shule, baba yake ametoroka. Serikali inasema ningoje miaka saba ndio nimwite marehemu. Twende kwa wachunguzi, useme ulivyosema hapa."

Mwanzia aliwataja wenzake kwa majina, mmoja mmoja, si kwa kubisha bali kama mtu anayeaga. Alimtaja Jeremy. Alimtaja mzee Mutiso wa stoo, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Mwishowe akasema atakuja, ila asiambiwe siku, aje mwenyewe.

Mbula alipopata habari alifunga safari hadi Gatwekera. Hakufoka. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa, akamwambia Adero kwamba anamwonea huruma kama dada yake, lakini amwache mume wake. Adero akamjibu kwamba kama Mwanzia atakataa, hatamfuata tena. Na kweli hakumfuata. Mwanzia alikuja mwenyewe, asubuhi moja ya mawingu, amevaa suti yake ya kanisani. Ile sare alikuwa ameirudisha.

Wachunguzi waliwapokea kwa adabu na kuwasikiliza mmoja baada ya mwenzake. Bwana Nderitu naye aliitwa, na alipoulizwa kuhusu Osewe hakukana. Alisema tu, "Ndiyo, alikuwemo," akaomba maji ya kunywa. Pengine naye alikuwa amechoka kubeba.

Mambo yalikwenda kama Awiti alivyosema. Wenye bima walikataa kulipa. Wenye ndege wakaidai kampuni iliyoikodi kwao, nayo ikaidai Upeo, kila mmoja akimwelekezea mwenzake kidole, na aliyekuwa chini kabisa ndiye aliyeangukiwa. Kabla ya mvua nyingine, lango la Upeo lilikuwa na kufuli, na wapakiaji wakasimama nje yake kwa siku kadhaa, kana kwamba kazi ingetoka yenyewe ikawafungulia.

Adero hakuyaona hayo yote. Alikuwa Ugenya. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, wazee walikata tunda la mti wa yago, yaani mwegea, lile tunda refu zito kama mtoto mchanga, wakalivika shati la Osewe, wakalilaza katika jeneza na kulizika mbele ya nyumba yake kwa heshima zote za mtu. Mama mkwe, ambaye Adero aliogopa angemlaumu, alimkumbatia akamwambia amefanya vyema kumrudisha mtoto. Walimnyoa nywele. Alilia hadi sauti ikakauka, na kilio hicho kilikuwa chake, hakuna aliyemwuliza kama kina sababu.

Aliporudi Gatwekera alikuta mlango wa Awiti umefungwa, redio kimya. Jeremy alikuwa akishinda kwenye viwanda vya Industrial Area akitafuta vibarua. Kwenye foleni ya maji wanawake walinyamaza alipokaribia. Hakuna aliyemtukana. Walisogea tu mbali naye kidogo, kama watu wanaomkwepa anayekohoa. Alivumilia majuma kadhaa, hadi alipokutana na Awiti uso kwa uso kwenye kijia cha reli, pasipo mahali pa kupishana.

"Mume wako alikuwa amekwisha kufa, Adero," Awiti akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina bila kusema Mama Adhis. "Wetu walikuwa hai."

Adero alikuwa na jibu, na lilikuwa la haki. Lakini mwanamke huyu ndiye aliyemnyang'anya shati lile lililolowa, akamwambia avae viatu, akatembea naye hadi langoni. Akasogea kando kwenye kokoto, akampisha.

Mwisho wa mwezi alihama. Mwanzia, ambaye sasa alikuwa akivuta mkokoteni sokoni Kawangware, alimtafutia chumba upande huohuo, na akambebea kitanda na sufuria bila kukubali malipo. Mbula hakuja kumsaidia, wala hakumzuia mumewe. Mara mojamoja walikutana sokoni, wakasalimiana kwa kutikisa kichwa, na Adero hakudai zaidi ya hapo.

Mwenye nyumba mpya alikuwa mama wa makamo aitwaye Kaluki, mwenye sauti kubwa na funguo nyingi kiunoni. Alimwonyesha choo, akamwonyesha kamba ya nguo, akamwambia sheria za ploti. Kisha akamtazama Adhis aliyekuwa ameketi juu ya gunia la nguo, akauliza baba wa mtoto yuko wapi, isije ikawa anakuja baadaye na fujo.

"Alikufa," Adero akasema. "Kwa ajali ya ndege, akiwa kazini."

"Pole sana," Kaluki akasema, akachomoa ufunguo mmoja akampa, akaendelea kueleza kuhusu taka na siku ya kuzichoma.

Adero aliingia chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda ambacho hakijafungwa vizuri. Mwanamke yule hakuwa ameuliza kama ana hakika. Aliuzungusha ufunguo mkononi kwa muda, akamsikiliza Adhis nje akimwambia mtoto mwingine jina lake, kisha akainuka kwenda kutafuta nyundo.